Mama Mkunga na Springi za Nyuma

Nilimfahamu kwanza kwa miguu. Nilikuwa mwalimu mgeni Katesh, nimetoka kwetu Bashay na sanduku la bati na mume karani, na nyumba tuliyopewa ilipakana na yake kwa ua wa minyaa. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kumwamkia jirani, nikakuta Landrova imeinuliwa nyuma kwa jeki na magogo, na chini yake imetokeza miguu ya mwanamke, kandambili zimevuliwa na kupangwa pembeni kama mlangoni pa msikiti.

"Shikamoo," niliiambia miguu.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu? Nipe hiyo spana iliyo kwenye sufuria."

Nilimpa. Wakati huo akapita bwana mmoja na baiskeli yake, akasimama, akacheka. "Mama, unafanya nini huko chini?"

"Ninafanya kazi," ikajibu miguu. "Na wewe?"

Yule bwana alipanda baiskeli yake akaenda zake. Katika miaka yote niliyokaa jirani na Mama Mkunga nilisikia swali lile likiulizwa na kila aina ya mwanaume, wakulima, madiwani, hata padri mmoja, na jibu halikubadilika.

Maisha yake ya nyuma sitayaeleza yote. Tulijua tu kwamba ni mtu wa Tabora, Mwislamu, amehamishiwa kwetu na serikali kuzalisha wanawake katika zahanati, na kwamba mumewe alikuwa dereva, akafa akamwachia gari alilolinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya ngano aliyefunga mizigo mara tu baada ya Uhuru. Ndugu wa mume walisafiri kuja kulirithi gari. Walilikuta limelala kwa tumbo uani, magurudumu ya nyuma yamo chini ya kitanda cha mjane, na juu ya kitanda amekaa mjane. Walikunywa chai, wakarudi Tabora kwa basi.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa wa mgongo. Springi za Landrova ni bapa za chuma zilizopinda, zimepangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu na fupi chini, zimefungwa pamoja katikati. Barabara zetu zilikuwa zinazila. Kila msimu wa mvua bapa moja ilikatika, gari likaegemea upande kama mtu aliyelala vibaya, na Mama Mkunga akaingia chini. Fundi aliyekuwepo karibu alikuwa Babati, naye alimwambia mara moja kwamba mwanamke asijisumbue, alete gari aache. Alipolirudia alikuta springi yake nzuri imehamia kwenye gari la mtu mwingine. Tangu hapo gari halikuguswa na fundi. Bushi za mpira, zile zinazokaa kwenye masikio ya springi chuma kisisage chuma, alizikata mwenyewe kwa kisu kutoka tairi kuukuu. Kisu hicho hicho ndicho alichokatia vitunguu, na ukimwambia mchuzi una harufu ya tairi alikuambia ukale kwenu.

Siku moja, bapa ilipopinda vibaya, aliipeleka kwa mhunzi wa Kibarabaig, wafugaji majirani zetu, nyuma ya mlima. Wahunzi wale wana ukoo wao, wenzao hawaoani nao, na wanajua chuma. Mama Mkunga alimweleza kwa ishara na Kiswahili cha taratibu kwamba chuma hiki kimeharibika, kirudishwe kama kilivyokuwa. Alipokwenda kukichukua alikikuta kimenyooka kama rula, kinang'aa, na ncha moja imenolewa. Mhunzi alikuwa na furaha kubwa. Katika maisha yake hajaletewa chuma kilichopinda na mtu anayetaka kibaki kimepinda. Mama Mkunga alimshukuru, akarudi nacho nyumbani, akakitumia kuchimbia mihogo mpaka nilipohama.

Usidhani alikuwa jasiri wa kila kitu. Aliogopa ng'ombe, tena katika nchi ambayo huwezi kwenda chooni bila kukutana na ng'ombe. Aliogopa sindano, yeye aliyechoma sindano wilaya nzima. Alipougua malaria alilia kama mtoto, akataka vidonge tu. Na gia ya kurudi nyuma aliichukia. Sijui kama alishindwa kuijua au alikataa tu. Akikutana na gari kwenye njia nyembamba alizima injini, akatoa kitambaa chake cha kufuma, akangoja. Hata magari ya serikali yalirudi nyuma.

Lakini hebu nikueleze kazi ya gari, maana ndiyo maana naandika. Wanawake wetu walizaa nyumbani au zahanati, na wengi walizaa salama. Wale ambao mtoto alikaa vibaya, au nyonga hazikutosha, ilibidi wapandishwe hospitali kubwa ya misheni kule juu upande wa Mbulu, ambako kulikuwa na daktari wa kupasua. Gari la zahanati lilikuwa la kusubiri. Landrova ya Mama Mkunga ilikuwa pale uani. Hakumtoza mtu. Alikuwa akisema, "Nimpandishe mtu mzima nishushe watu wawili. Hiyo ndiyo nauli."

Na barabara ile ilikuwa inaua. Mwanamke mwenye uchungu akirushwa rushwa kule nyuma anafika amechanika. Kwa hiyo springi kwake haikuwa chuma cha gari, ilikuwa sehemu ya uzazi. Aliwahi kuongeza bapa moja kila upande ili gari libebe mgonjwa na ndugu zake wote bila kukaa chini. Kisha akamwita mume wangu aendeshe, naye akalala nyuma kwenye godoro, akaweka bakuli la maji juu ya tumbo lake. Walizunguka hadi mnadani na kurudi. Alishuka amelowa kifua kizima.

"Limekuwa gumu kama moyo wa karani," alisema, akamtazama mume wangu. Akaingia chini tena, akatoa bapa moja, akazisugua nyingine kwa grisi katikati zisigandane. Wakazunguka tena. Alifanya hivyo mpaka bakuli likarudi na maji yake mengi. Mume wangu alikuja nyumbani akaniambia kwamba hatasogea tena karibu na mwanamke yule, na kesho yake alikwenda.

Mimi nina sababu yangu ya kumkumbuka. Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani, kabla hatujahamia Katesh, juu ya gari la ng'ombe tukiitafuta hospitali ile ile. Kwetu Wairaqw, mwanamke aliyepoteza mtoto hukaa kando. Haingii nyumba za watu, hachangii chombo na mtu, mpaka muda wake utimie. Sisemi desturi ni mbaya, ina maana yake, na mama yangu mwenyewe aliishika. Nasema tu ilivyo. Mimba ya pili ilitoka nikiwa Katesh, na majirani wa kabila langu wakapita mbali na mlango wangu, kwa heshima kabisa. Mama Mkunga aliruka ua na sufuria ya wali, akakaa sakafuni, akala kwa mkono wake kutoka sahani yangu.

"Mama, hairuhusiwi," nilimwambia.

"Kwenu," alisema. "Kwetu wali unapoa."

Nililia mpaka nikashiba. Ndipo alipopima nyonga zangu na kuniambia bila kupamba: "Mwalimu, wewe ukishika mimba tena huzai hapa. Njia yako nyembamba. Utazaa kwa kisu cha daktari au utazika tena. Nitakupeleka mimi."

Nikashika mimba mwaka ule wa watu kuhamishiwa kwa lazima vijiji vya Ujamaa.

Sasa, msije mkasema Mama Mkunga alikuwa adui wa Ujamaa. Alikuwa wa kwanza kufika shamba la kijiji, jembe begani, na aliwachongea wavivu hadharani. Redio yake aliipeleka mkutanoni ili watu wasikilize hotuba. Alilia aliposikia wimbo wa taifa, kila mara, ikawa aibu. Lakini alikuwa amewaona wanawake wenye mimba wakipandishwa juu ya malori kwenye mvua, nyumba zao zimeezuliwa nyuma yao, na mmoja alizaa juu ya magunia kabla ya kufika kwenye kijiji ambacho kilikuwa bado ni vigingi tu. Tangu siku ile akikutana na viongozi aliwatazama viatu.

Katibu wetu wa Chama alikuwa kijana, suti ya kaunda imenyooka, sauti nzuri. Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bidii, na bidii ya mtu aliyetumwa ni kitu cha kuogopwa. Malori yalimpungukia, akakumbuka Landrova. Nilikuwa uani nikianika nguo alipoingia.

"Mama, gari hili litasaidia kuhamisha wananchi."

"Litasaidia likipona."

"Linaumwa nini?"

"Mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu uingie hapa uani," alisema Mama Mkunga. Akachukua jeki, mbele ya macho yake, akaanza kulifungua nyuma.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mchana gari limelala juu ya magogo, springi zimetandazwa kwenye gunia, Mama Mkunga anazipaka grisi kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Mwanamke akija na uchungu uliokwama, gari linafungwa haraka, linakwenda, linarudi, springi zinashuka tena. Mji mzima tulijua. Katibu naye alijua. Alimwambia mbele ya watu kwamba kuwa na gari peke yako ni ubepari.

"Ujamaa ni mimi," alijibu. "Nionyeshe mwingine hapa mwenye gari linalopandwa na kila mtu bure."

Watu walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma. Kesho yake Katibu alikuja na mgambo, wakaziokota springi pale kwenye gunia, wakazipeleka stoo ya ofisi, wakazitupa kwenye sakafu ya saruji. "Zitahifadhiwa," alisema. "Mama akiwa tayari kushirikiana, atazipata."

Tumbo langu lilikuwa limefika mahali ambapo sioni vidole vyangu. Mume wangu alikwenda ofisini kusihi, akarudi mikono mitupu. Nilijua kinachokuja. Nilikuwa nimeshapita sehemu ya juu ya njia ile kwa gari la ng'ombe, najua ulipo kila mfereji. Na Mama Mkunga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa kizingitini bila kushika kazi. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Aliyetuokoa aliletwa na maziwa. Kulikuwa na mama mzee wa Kibarabaig aliyetuuzia maziwa, mwenye sketi ya ngozi na vikuku vya shaba, ambaye wajukuu zake walizaliwa mikononi mwa Mama Mkunga. Aliliangalia gari lililokalia magogo.

"Gari iko na nini?"

"Katibu amechukua miguu yake ya nyuma," alijibu Mama Mkunga.

Mama mzee alininyooshea fimbo yake, tumboni. "Na huyu atapita wapi?"

"Muulize Katibu."

"Sisi hatuulizi," alisema yule mama. "Sisi tunakaa." Akamimina maziwa, akaondoka.

Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao. Mwanaume akiingilia mambo ya uzazi, akakosea heshima ya mwanamke anayezaa, wanawake hukutana peke yao, wanahukumu, na wanaume wao hawathubutu kuingilia. Faini ni fahali. Sisi Wairaqw, majirani zao, tunajua. Mtumishi aliyeletwa kutoka mbali hajui.

Walikuja asubuhi moja kutoka kila upande wa mlima, wameshika fimbo, wakakaa chini mbele ya ofisi, uwanja mzima. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba somo la siasa leo litafanyika nje. Katibu alitoka, akauona umati ule wa kinamama, uso wake ukafunguka. Alidhani wamekuja kujiandikisha kijijini. Aliinua ngumi juu.

"Uhuru!"

Hawakuitikia. Akarudia. Mama mzee wa maziwa alisimama, akaanza kusema kwa lugha yao, akakaa, akasimama mwingine. Walisema mpaka jua likahama. Tarishi wa ofisi, mtu wa pale pale, alikuwa akitafsiri, na kila mara sauti yake ilikuwa inapungua.

"Wanasemaje?" Katibu aliuliza.

"Wanasema umeingia nyumba ya uzazi, mheshimiwa."

"Mimi? Sijaingia nyumba ya mtu!"

"Wanasema gari lile ni nyumba. Wanasema umeng'oa nguzo."

"Sasa wanataka nini?"

"Fahali. Mweusi, asiye na doa."

Katibu alicheka. Alicheka peke yake. Wazee wa Kibarabaig walikuwa wamesimama mbali na mikuki yao, wanatazama pembeni kama watu wanaosubiri mvua ipite. Askari wa kituo, mtu mzima kutoka Singida, alimsogelea akamwambia polepole, ila mimi nilisikia, "Lipa, bwana. Hawa watakaa hapa mpaka ustaafu."

Walikaa siku hiyo na iliyofuata. Hakuna aliyemuuzia Katibu maziwa, hakuna aliyemjibu salamu, na tarishi alijisikia mgonjwa akabaki kwake. Fahali alipatikana. Alimpataje sijui, ila baiskeli yake mpya hatukuiona tena.

Springi zilirudi mabegani mwa wanawake, wanaimba. Mama Mkunga aliwapokea kwa vigelegele, kisha akazipitisha bapa zote kiganjani, moja akairudia. Bapa kuu ya upande wa kulia ilikuwa na ufa. Ilikuwa imegonga ile saruji ya stoo ilipotupwa. Hapakuwa na nyingine, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona dalili za kujifungua.

Fahali alichinjwa. Wanawake walikata vipande vya ngozi yake wakavaa vidoleni, kama desturi yao ilivyo. Mama Mkunga, aliyekuwa amesimama mbali kwa kuogopa fahali hata aliyekufa, aliita kutoka huko: "Nyama kuleni. Mimi nipeni ngozi, ingali mbichi!"

Aliikata kanda ndefu. Akaweka kipande cha jembe kuukuu juu ya ufa, akazungusha ngozi mbichi, akaivuta kwa meno na magoti, yule mama wa maziwa akivuta upande wa pili. Wakaianika springi juani. Ngozi ikikauka inabana, kila mfugaji anajua, na ile ilibana mpaka ikawa ngumu kama pembe. Kipande kilichobaki alinivisha kidoleni.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Nililala nyuma, bakuli la maji tumboni, kwa amri yake. Kwenye kila mfereji ngozi ililia chini yangu.

"Mama, inalia!"

"Ikilia iko hai. Ikinyamaza niambie."

Sikuomba Mungu vizuri siku ile, niliisikiliza ngozi. Ililia kwenye mpando wote hadi langoni pa hospitali. Daktari alinipasua, na binti yangu akatoka akipiga kelele zilizonifanya nicheke na kidonda.

Baadaye nilihamishiwa Mbulu, na miaka ikaenda. Operesheni za vijiji zilipita, Katibu alihamishwa, vyama vikawa vingi. Mama Mkunga alistaafu, akakataa kurudi Tabora. Nilirudi Katesh kumwona nikiwa na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa huko huko na alikuwa mjamzito. Alikuwa na nyonga zangu. Gari la hospitali lilikuwepo, jeupe, limesimama halina mafuta.

Tulimkuta uani. Alikuwa amekonda, na mbele yake amesimama kijana mnunuzi wa vyuma chakavu, anamwonyesha Landrova iliyokalia mawe.

"Bibi, hii haiwezi kutembea tena. Niuzie hata springi tu."

"Hizo haziuzwi," alisema. "Mmoja wao ni fahali."

Kijana alinitazama kama kuniuliza kama bibi ana akili timamu. Nilimwamkia Mama Mkunga, akaitikia, lakini alikuwa hanitazami. Alikuwa anamtazama binti yangu, kiunoni. Alimwita, akampima kwa viganja vile vile.

"Lini?"

"Mwezi ujao, bibi."

Alifikiri kidogo. Kisha akaenda jikoni, akarudi na jeki, na sufuria ya spana, na gunia, akalitandika chini ya gari. Akajaribu kupiga magoti, magoti yakakataa. Alijaribu tena. Nilimshika mkono nimwinue, akaunyakua.

"Usinishike mimi," alisema kwa hasira, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Shika hiyo."

Ilikuwa spana. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge la safari, nina mvi, nakaribia kustaafu ualimu mkuu, na katika miaka yote ile ya ujirani nilikuwa nimempa spana, sikuwahi kuingia. Nilivua viatu nikavipanga pembeni. Nikalala chali, nikajisukuma.

Kule chini kulikuwa na harufu ya grisi na vumbi. Ngozi ilikuwa palepale, imekuwa nyeusi na ngumu, na mahali pamoja bado ina manyoya. Niliigonga kwa ncha ya spana, haikutikisika. Juu yangu Mama Mkunga alikuwa ananielekeza kwa sauti ya kuamrisha nati ipi ni ipi, na binti yangu anacheka.

Viatu vya mwanaume vikasimama kando ya gurudumu. Alikuwa ni mkwe wangu, amekuja kutuchukua.

"Mama?" aliinama. "Unafanya nini huko chini?"

Nilikaza nati ya kwanza mpaka ikagoma.

"Ninafanya kazi," nilisema. "Na wewe?"